Metropolis ipi ununue: ya 1984, ya 2001 au ya 2010?

Ukiagiza diski ya Metropolis, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1927, bila kuuliza swali la pili, unaweza kuletewa filamu yoyote kati ya nne zisizofanana. Zote zina jina moja, na karibu zote zina sura ileile ya roboti wa kike kwenye jalada. Moja inakwisha kabla hujamaliza saa moja na nusu, nyingine inakaribia saa mbili na nusu. Katika moja, mvumbuzi Rotwang anaunda roboti kwa sababu mfanyakazi wa chuma hachoki. Katika nyingine anamuunda kwa sababu mwanamke aliyempenda alichukuliwa na mwanamume mwingine, akafia kwenye uzazi, na Rotwang hajakubali hadi leo kwamba hayupo. Hapo hatuzungumzii tena usafi wa picha. Hizo ni hadithi mbili.

Nimekuwa nikiirudia filamu hii kwa miaka mingi, na nimepitia matoleo yote manne kwa mpangilio mbaya kuliko wote: nilianza na la hovyo. Ningependa wewe usianzie huko. Kwa hiyo nitayaweka bega kwa bega, niseme kila moja linakupa nini na linakunyima nini, na mahali ninapopendelea upande mmoja nitasema wazi.

Jinsi filamu moja ilivyogeuka nne

Fritz Lang alipiga picha za Metropolis Babelsberg, jirani na Berlin, kuanzia Mei 1925 hadi Oktoba 1926. Kampuni ya Ufa ilimwaga humo zaidi ya Reichsmark milioni 5 na ikakaribia kufilisika. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 10 Januari 1927, katika ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo, Berlin. Mkanda ulikuwa na urefu wa mita 4,189. Ukiupitisha kwa fremu 24 kwa sekunde unapata kama dakika 153. Ishike hiyo namba, itakusaidia dukani.

Wamarekani hawakuitaka ndefu hivyo. Paramount walimpa kazi ya kuipunguza mwandishi wa tamthilia, Channing Pollock, naye hakukata tu, aliiandika upya kwa mkasi. Mwanamke aliyepiganiwa na Rotwang na Joh Fredersen, bwana wa jiji, anaitwa Hel. Kwa masikio ya Kiingereza jina hilo linasikika kama jehanamu, basi Pollock akamfuta mwanamke mzima: jina lake, sanamu yake, na ugomvi wa wanaume wawili juu yake. Ujerumani nako Ufa waliiondoa filamu kwenye kumbi, wakairudisha Agosti 1927 ikiwa na mita 3,241 tu. Karibu robo ya filamu ilikwenda na maji, na kwa miaka 80 watu waliamini haitaonekana tena.

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini picha za matoleo haya hazilingani kila mahali. Enzi zile hapakuwa na njia nzuri ya kunakili negativu, yaani mkanda wa awali unaotoka kwenye kamera, kwa hiyo kamera ziliwekwa sambamba au tukio likarudiwa, zikapatikana negativu tatu: ya Ujerumani, ya Paramount na ya kuuza nchi nyingine. Ndiyo maana ukiweka matoleo mawili kwenye skrini mbili utaona mkono wa Maria, msichana anayewafariji wafanyakazi, uko juu kidogo upande huu na chini kidogo upande ule. Hujaibiwa. Ni kamera mbili.

Toleo la 2010: refu, lenye makovu, na ndilo ninalolisimamia

Nianze na lile ambalo naamini watu wengi walinunue, maana lina mambo mengi ya kuelezwa na lina kasoro ambayo imewakimbiza wanunuzi bila sababu ya kutosha.

Mwaka 2008, Paula Félix-Didier, mkuu wa Museo del Cine mjini Buenos Aires, na mwanahistoria wa filamu Fernando Martín Peña walifungua makopo ya makumbusho hayo wakakuta Metropolis karibu nzima. Peña alikuwa na dokezo la muda mrefu. Mtu wa klabu ya sinema aliwahi kusimulia kwamba siku moja, akionyesha Metropolis, mkanda ulikuwa umechakaa kiasi cha kurukaruka, ikambidi aushikilie kwa kidole kwenye projekta zaidi ya saa mbili. Wengine walisikia habari ya kidole. Peña alisikia habari ya saa mbili. Filamu iliyokuwa ikijulikana duniani haikuwa na urefu huo.

Nakala ile ilikuwa imefika Argentina mwaka 1928, ikiletwa na msambazaji Adolfo Z. Wilson kabla makato hayajaenea, kisha ikaangukia mikononi mwa mhakiki Manuel Peña Rodríguez. Baadaye sana, kwa kuwa filamu za nitrati hushika moto kirahisi, waliinakili kwenye mkanda mwembamba wa milimita 16. Tatizo ni kwamba walinakili bila kuisafisha. Mikwaruzo, mafuta na vumbi vya miaka mingi ya projekta vilipigwa picha pamoja na waigizaji. Kovu juu ya mkanda unaweza kulitibu. Kovu lililogeuka kuwa picha haliondoki, unalififisha tu.

Hayo ndiyo utakayoyaona kwenye diski. Picha inakwenda vizuri, safi, vivuli vimekolea, halafu ghafla inaingia mvua: mistari ya kusimama kutoka juu hadi chini, sura zimefifia, na ukingo mweusi umejitokeza pembeni mwa fremu kwa sababu nakala ile ndogo ilimega sehemu ya picha. Dakika kama 25 ziko hivyo, zimetawanyika filamu nzima. Wapo waliorudisha diski dukani wakidhani ni mbovu. Kampuni ya Alpha-Omega ya Munich ilizifanyia kazi kubwa kwa kompyuta hadi zikaangalika, lakini hakuna aliyejidai kuzifanya mpya. Mimi naliheshimu hilo. Ukingo mweusi unakuambia wazi: hapa ndipo palipokuwa pamepotea.

Sasa tazama kilicho ndani ya mvua hiyo. Freder, mwana wa bwana wa jiji, anashuka mashineni na kuchukua zamu ya mfanyakazi aitwaye Georgy, namba 11811. Wanabadilishana nguo. Georgy anapewa anwani ya kwenda kujificha. Katika matoleo mafupi anaondoka na habari yake inaishia hapo, kama mtu aliyetoka chumbani. Katika toleo la 2010 unamfuata ndani ya gari. Amekaa kwenye kiti laini kwa mara ya kwanza maishani mwake, amevaa hariri ya mtu mwingine. Gari la jirani lina mwanamke anayejipamba. Kisha vipeperushi vya jumba la starehe la Yoshiwara vinamwagika dirishani, vingi mno, na macho ya Georgy yanabadilika. Anatia mkono mfukoni mwa suruali isiyo yake, anakuta pesa. Haendi kwenye anwani. Tukio lenyewe ni fupi, lakini baada ya kuliona huwezi tena kusema filamu hii ina mabwana na umati tu. Ina mtu mmoja maskini aliyeshindwa na jaribu moja. Na baadaye, mtu huyohuyo anakufa kwa kisu kilichomlenga Freder. Kifo hicho hakina uzito kama hukumwona garini.

Kuna pia yule anayeitwa Mwembamba, mpelelezi wa Fredersen, aliyeigizwa na Fritz Rasp. Kwenye matoleo ya zamani ni kivuli kinachopita. Hapa ni mtu kamili: anamngoja Georgy nje ya Yoshiwara, anampata Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi na Fredersen akawa rafiki wa Freder, nyumbani kwake, anamtisha, anamtolea pesa, anampiga. Jiji la Metropolis likapata kitu ambacho kila hadithi ya utawala wa mkono wa chuma inakihitaji, yaani mtumishi mpole anayevaa vizuri na kubisha hodi mlangoni kwako.

Na Hel amerudi. Fredersen anafungua pazia nyumbani kwa Rotwang na kukuta kichwa kikubwa cha jiwe, kaburi lisilo na maiti. Rotwang anaingia akiwa na hasira ya mtu aliyefumaniwa kwenye maombi. Kuanzia hapo kila anachokifanya kina maana.

Bado haijakamilika. Mtawa anayehubiri kanisani hayupo, na pambano la Fredersen na Rotwang linalompa Maria nafasi ya kutoroka halipo. Kadi za maandishi, zile zinazoingia katikati ya picha kwa kuwa filamu haina sauti, zinasimulia mambo hayo kwa ufupi, kisha hadithi inaendelea. Baadhi ya vipande vilitoka pia kwenye nakala iliyokuwa New Zealand. Toleo hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari 2010, Berlin na Frankfurt kwa wakati mmoja, na kwenye Blu-ray linachukua kati ya dakika 148 na 150.

Toleo la 2001: zuri la kutazama, lina mashimo kwenye hadithi

Kabla ya Buenos Aires, kilele kilikuwa kazi ya wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung iliyosimamiwa na Martin Koerber. Walikusanya vyanzo bora vilivyosalia, hasa negativu ya Paramount iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, wakavisafisha kwa kompyuta fremu baada ya fremu. Matokeo yake yaliwashangaza hata waliodhani wanaifahamu filamu. Unahesabu matofali ya jiji. Unaona nyuzi za koti la Fredersen. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza Metropolis kwenye rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia, filamu ya kwanza kabisa kupewa nafasi hiyo.

Sifa yake kubwa kwa mnunuzi ni kwamba picha ina sura moja mwanzo hadi mwisho. Hakuna mvua. Palipopotea kitu, kadi inakusimulia kwa maneno machache, kwa mwandiko tofauti ili usizichanganye na kadi za Lang. Uaminifu huo naupenda. Lakini kusimuliwa si kuona. Kadi inakwambia Georgy ameshawishika, unasoma, unasonga mbele, na baada ya robo saa umemsahau.

Linapatikana kwenye DVD, dakika 124 kwa diski za Marekani na kama 118 kwa za Ulaya. Hakuna kilichokatwa kwenye hizo za Ulaya. DVD za mfumo wa PAL hukimbiza fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kitu kinakwenda haraka kidogo. Ubora wa DVD nao una kikomo: hizo nyuzi za koti nilizozitaja zinaonekana vizuri zaidi kwenye Blu-ray ya 2010, kwa sababu sehemu zisizo na mvua zimetoka kwenye vyanzo vilevile bora, safari hii zikiwa na nafasi ya kuonekana. Kwa maneno mengine, mtu anayechagua la 2001 kwa ajili ya picha nzuri anachagua DVD dhidi ya Blu-ray. Hesabu hiyo hailipi.

Nani basi alinunue? Mwalimu anayefundisha ukarabati wa filamu na anataka kuonyesha wanafunzi hali ilivyokuwa kabla na baada ya 2008. Na mtu ambaye ana mashine ya DVD tu, akalikuta kwa bei ya chini kuliko DVD ya toleo la 2010. Hata huyo wa pili ningemwomba asubiri kidogo.

Toleo la Giorgio Moroder, 1984: nyimbo, rangi na mbio

Hili watu huligombania, na wengi wa wanaolidharau hawajalitazama hadi mwisho.

Moroder, yule mtunzi wa muziki wa dansi wa kielektroniki, alichukua filamu, akaipaka rangi mandhari kwa mandhari, akaondoa kadi za maandishi na kuweka manukuu chini ya picha, akatia sauti za hapa na pale, kisha akaifunika kwa nyimbo za roki: Freddie Mercury, Pat Benatar, Bonnie Tyler, Adam Ant, Jon Anderson wa kundi la Yes. Kwa kuwa kadi zimeondoka, filamu inakimbia. Dakika 80 na kitu, imekwisha.

Kasoro zake zinajulikana. Nyimbo nyingine zinakuambia uhisi nini kabla hujahisi. Maneno yanaimbwa juu ya nyuso ambazo tayari zinasema. Pale wafanyakazi wanapopishana zamu vichwa vimeinama, ukimya wa mdomo na uzito wa okestra ndivyo vinavyokubana kifua. Ukiweka ngoma na sintesaiza pale, kifua kinaachiwa.

Hata hivyo nalitetea kwa mambo mawili. La kwanza, Moroder alijaribu kurudisha habari ya Hel wakati nakala nyingi zilizokuwa zikizunguka hazikuwa nayo, akitumia picha za mnato mahali palipopotea. La pili, kizazi kizima kilikutana na filamu bubu kupitia kwake. Mwaka huohuo wa 1984 kundi la Queen lilitumia vipande vya Metropolis kwenye video ya wimbo wao «Radio Ga Ga», na vijana ambao wasingekaa chini kutazama filamu ya 1927 wakajikuta wanauliza jiji lile ni la nani.

Toleo hili lilitolewa kwenye Blu-ray na DVD Marekani mwaka 2011. Usitegemee picha ya mwaka 2010: limetokana na nakala ya maonyesho iliyosalia, halikukarabatiwa kutoka kwenye negativu. Lina chembe, rangi zimetulia, na lina harufu ya ukumbi wa miaka ya themanini. Mimi ninalo na sitaligawa. Lakini ni la kununua la pili, baada ya kuwa na filamu yenyewe.

Diski za bei ya kutupa

Hapa ndipo nilipoanzia. Diski yangu ya kwanza ilikuwa na roboti anang'aa juu ya jalada na neno «iliyorejeshwa» kwa herufi kubwa. Ndani kulikuwa na nakala ya nakala ya nakala. Nyuso zilikuwa nyeupe kama chokaa, hazina macho. Muziki ulikuwa kinanda kilichokwisha kila baada ya dakika kumi na kuanza upya, pasipo kujali kama jiji limefurika au wapenzi wanatazamana. Maria alipowakokota watoto kutoka kwenye mafuriko, kinanda kilikuwa kinapiga wimbo wa kuchezea. Nilimaliza nikiwa nimeamua kwamba Metropolis ni filamu ya mapambo, haina moyo. Niliishi na uamuzi huo kwa muda mrefu, na haukuwa kosa la Lang.

Diski za aina hiyo ni nyingi kwa sababu ulinzi wa hakimiliki ya filamu hii nchini Marekani ulikatika miaka ya 1950, ukarudishwa 1996, kisha ukaisha mwanzoni mwa 2023. Katika mapengo hayo kila aliyekuwa na mkanda wowote alichapa diski. Na neno «iliyorejeshwa» halina mlinzi, yeyote anaweza kuliandika.

Dawa ni kusoma muda, kama Peña alivyosikia muda. Geuza jalada. Ukiona karibu dakika 150, hilo ni la 2010. Ukiona 124 au 118, tafuta jina la Murnau-Stiftung: likiwepo ni la 2001. Ukiona 80 na kitu pamoja na jina la Moroder, ni la 1984. Muda mwingine wowote, 90, 105, 115, au jalada lisilotaja aliyekarabati wala mtunzi wa muziki, rudisha kwenye rafu.

Muziki, ambao watu huufikiria mwisho

Gottfried Huppertz alitunga muziki wa Metropolis akiwa karibu na utengenezaji wake, si baada ya filamu kukamilika. Kwenye nota zake aliacha alama 1,028 za kuoanisha sauti na picha: hapa mlango unafunguka, hapa Freder anaanguka. Filamu ilipokatwa, nota hazikukatwa. Kwa hiyo wakarabati walipokuwa na vipande visivyo na mpangilio, waliufuata muziki kama mtu anayefuata alama za miguu. Mpangilio wa toleo la 2010 umesimama juu ya kazi ya Huppertz kama ulivyosimama juu ya nakala ya Argentina.

Kwa mnunuzi hii ina maana moja ya moja kwa moja. Matoleo ya 2001 na 2010 yote yana muziki wake, lakini kwenye la 2001 ilibidi uchomolewe mafungu ili ulingane na filamu yenye mashimo. Okestra ya redio ya Saarbrücken chini ya Berndt Heller ilipiga vizuri, sina neno. Ila kwenye la 2010, okestra ya redio ya Berlin ikiongozwa na Frank Strobel inapata nafasi ya kujenga jambo kutoka chini. Sikiliza wimbo wa kanisani wa Dies irae unavyoingia sanamu ya Kifo inaponyanyuka na mundu wake, au vipande vya Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, vinavyochomoza umati unapovunja mashine, vikiwa vimepindishwa, kama umati wenyewe ulivyodanganywa. Kama una spika nzuri, chagua njia ya sauti ya 5.1, ile ya spika zinazokuzunguka. Kama huna, vaa tu vipokea sauti vya masikioni.

Mambo madogo yanayoharibu ununuzi

Angalia kanda ya diski, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Blu-ray za Marekani kwa kawaida ni za kanda A, za Uingereza kanda B, na mashine nyingi za nyumbani husoma kanda moja tu. Toleo la Marekani la 2010 lilitolewa na Kino, la Uingereza na Eureka katika mfululizo wa Masters of Cinema. Yote mawili yana filamu ileile iliyokarabatiwa. Ukilazimika kuchagua na mashine yako inasoma zote, mimi naegemea la Uingereza kwa sababu ya maelezo ya sauti ya David Kalat na Jonathan Rosenbaum, wawili wanaozungumza filamu nzima na hawakubaliani kila mara, pamoja na kijitabu kinene. La Marekani lina mahojiano na Paula Félix-Didier, ambayo ni mafupi lakini unamsikia aliyefungua makopo kwa mdomo wake.

Kadi za maandishi nazo ni sehemu ya picha. Zilitengenezwa zisogee: kadi ya wafanyakazi wanaoshuka kwenda jiji la chini, maneno yake yanashuka nayo. Ukipata toleo lenye kadi za Kijerumani na manukuu chini, lichukue, hata kama husomi Kijerumani. Ukibadilishiwa kadi, umebadilishiwa fremu.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Hujawahi kuiona Metropolis: chukua Blu-ray ya 2010, na usiogope mvua. Dakika kumi za mwanzo utaiona kila inapoingia. Saa ya pili utakuwa unaitarajia, maana utakuwa umejifunza kwamba ikianza tu, kuna jambo ambalo watu hawakuliona kwa miaka 80.

Uliiona zamani kwenye diski au mkanda mbovu na hukuipenda: jibu ni hilohilo, na wewe unalihitaji kuliko yule wa kwanza.

Unalo la 2001 na unajiuliza kama inafaa kulipa tena: inafaa. Nenda moja kwa moja kwenye mafuriko. Freder na Josaphat wanawapandisha watoto kwenye ngazi za handaki, maji yanawafuata, na juu kabisa wanakuta geti la chuma limefungwa. Katika toleo lako uokoaji huo unapita haraka. Katika la 2010 unaliona pambano lao na geti hilo kwa kirefu, picha ikiwa na mistari kama kwamba maji yameingia hadi kwenye mkanda.

Unataka kumvuta kijana asiyevumilia filamu bubu: mwonyeshe la Moroder jioni moja, halafu wiki inayofuata la 2010. Usigeuze mpangilio. Aliyesikia Huppertz kwanza ataona Moroder kama kelele, na hatakuwa amemtendea haki.

Likishafika, kabla hujabonyeza kucheza, ingia kwenye mipangilio ya televisheni. Zima ile kazi ya kulainisha mwendo, kwa sababu inazisoma nyufa za mkanda wa Argentina kama vitu vinavyosogea na kuzipaka utelezi wa ajabu. Punguza ukali wa picha hadi karibu na sufuri. Na uache umbo la picha lilivyo, karibu mraba, lenye giza kulia na kushoto. Ukiikuza ijaze skrini utakata vichwa vya wafanyakazi kwenye safu ya juu, na ule ukingo mweusi unaokuonyesha ni wapi palikuwa pamepotea utatoka nje ya televisheni yako.